Allidina Visram: Duka lililotangulia reli

Malori mengi yanayotuletea sukari, sabuni na mabati hapa Buseresere kutoka Dar es Salaam hupita Tinde, mkoani Shinyanga. Wachache wanajua kwamba zaidi ya miaka mia moja iliyopita palikuwa na tawi la duka la mtu aitwaye Allidina Visram. Sisi wafanyabiashara wa kanda hii ya dhahabu tungepaswa kumjua mtu huyu angalau kama tunavyowajua wachezaji wa mpira wa Ulaya.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, Kutch, nchini India. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi alivuka bahari akaja pwani yetu, bila mtaji. Bagamoyo alifanya kazi na Sewa Haji Paroo, Khoja mwenzake, yule tajiri ambaye jina lake tunalisikia mpaka leo tukienda kumwangalia mgonjwa katika wodi ya Sewahaji pale Muhimbili.

Biashara ya Bagamoyo enzi hizo ilikuwa misafara, na hapa naomba nikae kidogo, maana wengi hudhani msafara ni kukusanya wapagazi na kuondoka. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa karibu miezi mitatu kwa miguu. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30. Kilichosahaulika pwani hakikupatikana tena njiani, na kilichozidi kilikuwa ujira wa bure. Shanga zilizogombewa katika nchi moja zingeweza kukataliwa kabisa katika nchi ya jirani, kwa sababu ya rangi tu. Na wapagazi wenyewe, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wakulima. Mvua zikikaribia walitaka kuwa makwao wameshika jembe. Aliyepanga safari bila kuangalia msimu wa kilimo alibaki na mizigo isiyo na mabega ya kuibeba.

Allidina alipopata nguvu yake mwenyewe hakutegemea msafara mmoja mrefu. Aliweka maduka njiani: Saadani, Dar es Salaam, Tinde, Ujiji. Kila duka lilikuwa ni stoo, na pia lilikuwa mnunuzi. Kitambaa na chumvi vilishuka hapo, na pembe, nta na ngozi zikapanda mabegani kurudi pwani. Mpagazi hakurudi mikono mitupu. Waulize wenye malori wa leo gharama ya kurudi tupu, watakueleza.

Mwaka 1897 Sewa Haji alifariki. Mwaka mmoja kabla yake Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria. Ungeweza kukaa Bagamoyo ukasema hiyo ni habari ya nchi nyingine. Allidina aliona kwamba njia imehama. Akafungua maduka kuifuata reli, akiwauzia chakula na nguo vibarua wa Kihindi waliokuwa wakiijenga, na Kampala alikuwa amekwishatia mguu kabla treni haijaliona ziwa. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, mali ya Mwanza na Bukoba nayo ikaiacha njia ya miguu ya Bagamoyo, ikawa inavuka ziwa kwenda Kisumu. Reli yetu ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Mwanza mwaka 1928. Kwa robo karne nzima, basi, mlango wa kanda yetu ulikuwa Mombasa, na mwenye ufunguo alikuwa kijana wa zamani wa Bagamoyo.

Matawi yake yalipita thelathini. Aliwaleta vijana kutoka kwao, akawafundisha kazi, akawapa mali kauli, wakaenda kukaa mahali ambapo hapakuwa na duka. Wakulima wa Uganda walipoanza pamba, yeye alikuwa tayari na wanunuzi vijijini, na baadaye na viwanda vya kuichambua. Wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Alifariki Mombasa tarehe 30 Juni 1916.

Lakini nisimsifu kupita kiasi. Baada ya kufa kwake ile kampuni haikukaa miaka mingi, ikaanguka. Shule ya sekondari yenye jina lake iliyojengwa Mombasa kwa kumbukumbu yake imedumu kuliko biashara yenyewe. Kwa maoni yangu, alipanga kila njia ya mzigo, ila mambo mengi mno yalibaki kichwani mwake.

Nayasema haya nikijua aibu yangu. Miaka yote ya kivuko cha Kigongo na Busisi, nguvu yangu ilikuwa stoo. Kivuko kikichelewa, mwenye shehena ndani ndiye aliyeuza, na wateja wa machimboni walikuja kwangu. Tangu mwaka 2020 nilipita pale karibu kila mwezi nikiziona nguzo za daraja zikipanda majini. Nilizihesabu hata kwa kidole! Kisha nikarudi nyumbani nikaongeza mkataba wa stoo kubwa kuliko ya kwanza, nikaijaza saruji na biskuti kwa mali kauli. Daraja likafunguliwa Juni 2025. Sasa mteja wangu wa Katoro anaondoka alfajiri, ananunua Mwanza kwa bei ya jumla, na jioni yuko kwake. Saruji imeganda, biskuti zimepita tarehe, na deni liko palepale.

Mkataba wa stoo unaisha mwezi wa 12. Nimeanza kuulizia vyumba vidogo karibu na machimbo, mahali ambapo mtu hawezi kuacha duara lake aende Mwanza kwa ajili ya kilo mbili za misumari. Daftari la madeni nimempa mwanangu mkubwa alisome lote. Amerudi na maswali mengi, na mengine sikuweza kuyajibu.