Juan Manuel Fangio: fundi wa garaji na wakubwa waliotaka mbio za magari

Mu mwezi wa 12 mwaka 2024, Rwanda ilitangaza kwamba inataka kupokea mbio za magari za Formula 1. Mu mwezi wa 2 mwaka 2025, serkali ya Kinshasa iliandikia wakubwa wa mbio hizo kuwaomba wasimamishe mazungumuzo na Kigali, juu ya vita ya huku kwetu mashariki. Tangu pale watu wengi wanajiuliza: mbio za magari na politike vinakutana wapi? Maisha ya Juan Manuel Fangio wa Argentina yanaonyesha kwamba vilikutana tangu zamani.

Fangio alizaliwa tarehe 24 mwezi wa 6 mwaka 1911 mu Balcarce, muji mudogo wa Argentina unaojulikana kwa kilimo cha viazi. Wazazi wake walitoka Italia na hawakuwa na mali. Aliacha masomo akiwa bado mutoto, akaingia kazi mu garaji. Pale alijifunza kufungua moteri, kuisikiliza na kuirudisha. Watu walimupa jina la mwenye miguu ya upinde, sababu ndivyo miguu yake ilikuwa, na alipenda sana kabumbu.

Mwaka 1936 aliingia mbio ya kwanza na gari la teksi, tena kwa jina lisilo lake. Kisha watu wa Balcarce walichanga feza wamusaidie kupata gari la mbio. Kule Amerika ya Kusini, mbio za wakati ule hazikukuwa za kuzunguka kiwanja. Zilipita mu barabara za kawaida, mu vumbi na milima, kutoka inchi mpaka inchi. Mwaka 1940 alishinda ile ya kutoka Buenos Aires mpaka Lima mu Peru na kurudia, zaidi ya kilometa 9,000. Mwaka 1948, akielekea Caracas, gari lake lilianguka mu Peru. Mwenzake Daniel Urrutia, aliyekuwa kando yake, akakufa. Fangio alibaki na ile maumivu, karibu aache kazi.

Ile wakati raisi wa Argentina alikuwa Juan Perón. Yeye aliona kwamba shofere anayeshinda ku Ulaya anatangaza jina la inchi kuliko mabalozi wengi. Mwaka 1949, serkali yake na chama cha magari cha Argentina vikamutuma Fangio ku Ulaya na magari. Alishinda mbio nyingi, na wazungu wakaanza kumuuliza anatoka wapi.

Mwaka 1950 ndipo shindano la dunia lilianza. Kalenda ilikuwa na mbio 7 tu: 6 za Ulaya, na moja ya Indianapolis mu Marekani, ambayo mashofere wa Ulaya hawakuiendea. Ilikuwa ya dunia kwa jina, lakini ilikuwa ya Ulaya. Fangio alipata taji mwaka 1951, kisha 1954, 1955, 1956 na 1957. Jumla ni 5, na alizipata akiendesha magari ya Alfa Romeo, Mercedes, Ferrari na Maserati.

Perón hakutaka tu shofere, alitaka mbio zenyewe zije. Kiwanja kikubwa cha mbio kikajengwa mu Buenos Aires, kikafunguliwa mwaka 1952. Tarehe 18 mwezi wa 1 mwaka 1953, Argentina ikapokea mbio ya shindano la dunia. Ndiyo mara ya kwanza kalenda kutoka inje ya Ulaya, ukiondoa Indianapolis. Watu walikuja wengi sana, wakajaa mpaka kando ya lami, hakuna aliyewarudisha. Gari la Giuseppe Farina lilitoka barabarani likiepuka mutu aliyekatiza mbele yake, likaingia mu watu. Kadhaa wakakufa. Mbio haikusimamishwa, iliendelea mpaka mwisho.

Ulaya nayo haikukuwa salama. Mwaka 1955 mu Le Mans, Ufaransa, gari liliruka ndani ya watazamaji, na zaidi ya watu 80 wakakufa. Fangio alikuwa nyuma kidogo, akapita katikati ya moto na vipande bila kuguswa. Mwaka ule mbio za Ufaransa, Ujerumani, Uswisi na Uhispania zikaondolewa mu kalenda.

Mwaka 1958 ilikuwa zamu ya Cuba. Mutawala Fulgencio Batista alitaka dunia ione kwamba inchi iko shwari, akaandaa mbio mu barabara ya kando ya bahari mu Havana. Haikukuwa mu shindano la dunia, lakini Fangio aliitwa sababu ya jina lake. Usiku kabla ya mbio, watu wa Fidel Castro wakamuteka mu hoteli. Hawakumuumiza. Walitaka tu kuonyesha kwamba Batista hawezi kumulinda hata mugeni wake mukubwa. Batista hakusimamisha mbio. Gari moja likateleza, likaingia mu watu, na wengine wakapoteza maisha. Fangio aliachiliwa salama. Wanainchi waliosimama kando ya barabara ndio walilipa.

Mwezi wa 7 mwaka ule, kisha mbio ya Ufaransa, Fangio akaacha. Alikuwa na miaka 47. Alikuwa ameshinda mbio 24 kati ya 51 za shindano la dunia. Miezi 3 baadaye, shindano hilo likafika Afrika mara ya kwanza, mu Casablanca, Moroko, inchi iliyokuwa na uhuru wa miaka 2 tu. Mwingereza Stuart Lewis-Evans akaungua mu gari lake, akakufa siku 6 kisha. Moroko haikupata mbio ya shindano hilo tena. Afrika Kusini ilichukua nafasi, hata wakati wa ubaguzi wa rangi, na mwaka 1985 timu 2 za Ufaransa zikakataa kwenda kule. Formula 1 ilikuja Afrika mara ya mwisho mwaka 1993.

Fangio alirudia kwao, akasimamia biashara ya Mercedes mu Argentina. Alikufa tarehe 17 mwezi wa 7 mwaka 1995, akazikwa Balcarce, mu muji uliomuchangia feza.

Mwaka 2025 kalenda ilikuwa na mbio 24, na hakuna hata moja ya Afrika. Inchi inayotaka kupokea inalipa feza nyingi, na FIA, shirika la dunia la magari, inapima kiwanja kabla ya kukipa ruhusa. Inapima lami, kona, nyavu na hospitali ya karibu. Usalama wa kiwanja umeongezeka sana kuliko siku za Fangio. Lakini kipimo kile kinaishia ku ukuta wa kiwanja. Perón, Batista na wengine walitafuta mbio ili wageni waangalie kiwanja na wasiangalie pengine. Ndiyo sababu raia wa inchi inayoomba, na wa jirani yake, wana haki ya kuuliza kuko namna gani inje ya ule ukuta.