Jenerali Grant na Vita vya Madeni

Askari wengi waliopitia vyuo vya makadeti wamelisikia jina la Jenerali Ulysses S. Grant wa Marekani. Wamelisikia katika somo la historia ya vita, pale mkufunzi anapouchora mto Mississippi ubaoni na kueleza jinsi mji wa Vicksburg ulivyozingirwa hata ukasalimu amri tarehe 4 Julai, 1863. Nasi tulimjua hivyo, na kwa miaka mingi hatukutaka kujua zaidi. Upande wa pili wa maisha yake haufundishwi darasani, nao ni kwamba mtu huyu aliishi na madeni katika sehemu kubwa ya utu uzima wake. Tumeona vema tuueleze upande huo, kwa kuwa hakuna kambi wala kituo cha polisi ambacho hakina mtu ambaye, ifikapo tarehe 20 ya mwezi, hubadili njia ili asipite mbele ya duka fulani.

Grant alizaliwa tarehe 27 Aprili, 1822, katika jimbo la Ohio, mwana wa mtengeneza ngozi. Alihitimu katika chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1843, akiwa wa 21 kati ya wanafunzi 39. Hakuwa hodari wa vitabu, lakini katika kupanda farasi hakuwa na mpinzani.

Deni lake la kwanza kubwa halikutokana na anasa. Katika vita vya Marekani na Mexico, vya mwaka 1846 hadi 1848, Luteni Grant alikuwa afisa wa ugavi wa kikosi chake. Kila afisa wa ugavi ajua maana ya kazi hiyo: gunia la unga likipotea, jina linaloandikwa ni lake. Juni 1848 dola 1,000 za serikali alizokuwa amekabidhiwa ziliibwa ndani ya sanduku la afisa mwenzake, mahali alipoziweka kwa usalama kwa sababu kufuli ya sanduku lake ilikuwa mbovu. Baraza la uchunguzi lilimwona hana hatia. Hata hivyo vitabu vya serikali havisomi huruma. Deni likabaki limeandikwa juu yake. Mwaka 1852 alikwenda mwenyewe Washington kuomba afutiwe, akakuta ofisi zimefungwa kwa msiba wa mwanasiasa mkubwa Henry Clay, akarudi mikono mitupu. Bunge la Marekani lilimfutia deni hilo mwaka 1862, yaani baada ya miaka 14, wakati ambapo mdaiwa mwenyewe alikwisha kuwa jenerali.

Mwaka huohuo wa 1852 kikosi chake kilihamishiwa pwani ya Pasifiki, naye akamwacha mkewe Julia, aliyekuwa mja mzito, pamoja na mtoto wao mdogo. Mshahara haukutosha kuwaleta. Ndipo Grant alipoingia katika ugonjwa unaowapata askari wengi walio mbali na nyumbani, yaani kutafuta njia ya mkato. Alilima viazi kando ya mto Columbia, mto ukafurika. Alishirikiana na wenzake kupeleka barafu San Francisco kwa meli, upepo ukaichelewesha na bei ikaanguka kabla ya kufika. Aliwakopesha watu fedha, nao hawakulipa. Katika upweke huo alikunywa pombe, ingawa watu wamebishana hadi leo alikunywa kiasi gani. Aprili 1854, akiwa Kapteni, alijiuzulu jeshi.

Alifika New York hana nauli ya kumfikisha kwao, na mwenye hoteli anamdai. Aliyemwokoa ni Kapteni Simon Bolivar Buckner, rafiki yake wa West Point, ambaye alisimama mdhamini wa gharama za hoteli mpaka fedha zilipofika kutoka kwa baba yake Grant. Tunamwomba msomaji aliweke jina la Buckner akilini.

Miaka sita iliyofuata, tangu umri wa miaka 32 hadi 38, ndiyo ambayo mtu angetazamia ayavune matunda ya ujana wake. Grant aliitumia kupasua kuni. Katika shamba alilopewa mkewe karibu na mji wa St. Louis alijenga nyumba ya magogo kwa mikono yake, akaiita Hardscrabble, jina la mzaha lenye maana ya mahali pa kuhangaikia riziki. Alipakia kuni katika gari la farasi, akazipeleka mjini na kuzitembeza mitaani, amevaa koti kuukuu la jeshi. Maafisa waliomjua walikutana naye huko, wengine wakiona haya kwa niaba yake. Yeye hakubadili njia. Mwaka 1857 uchumi wa nchi ukaporomoka na mazao yakakosa bei. Siku mbili kabla ya Krismasi ya mwaka huo aliweka rehani saa yake ya dhahabu kwa dola 22.

Mambo mawili ya miaka hiyo yatupasa kuyatazama kwa makini. La kwanza lilisimuliwa baadaye na James Longstreet, afisa mwenzake wa zamani. Walikutana katika hoteli moja ya St. Louis, Grant akiwa katika hali iliyowasikitisha rafiki zake wote. Kesho yake Grant alimtafuta Longstreet na kumtia mkononi sarafu ya dhahabu ya dola 5, deni la miaka mingi ambalo Longstreet mwenyewe alikwisha kulisahau. Longstreet alikataa, akiona kwamba mwenziwe aihitaji zaidi. Grant akashikilia mpaka ikapokelewa, kwa kuwa hakuweza kukaa na kitu kisicho chake.

La pili ni zito zaidi. Siku hizo utumwa ulikuwa halali Missouri, na familia ya mkewe ilimiliki watumwa. Grant mwenyewe alikuwa amepata mtumwa mmoja kutoka kwa baba mkwe wake, jina lake William Jones. Katika soko la wakati ule mtu mzima mwenye nguvu kama Jones angeuzwa kwa mamia ya dola, labda elfu moja na zaidi. Fedha hizo zingemaliza shida nyingi za nyumba ya Grant. Tarehe 29 Machi, 1859, Grant alikwenda mahakamani akatia sahihi hati ya kumwacha huru bila kupokea hata senti. Hatusemi hili ili kumtakasa, maana kumiliki mtu ni doa lisilofutika kwa hati. Lakini wako wengi ambao dhiki imewafanya wauze hata kisichouzika, naye katika mwaka wake mbaya kuliko yote hakufanya hivyo.

Biashara ya kupangisha nyumba aliyoijaribu mjini St. Louis ilishindwa, na nafasi ya uhandisi wa wilaya aliyoiomba akanyimwa. Mwaka 1860 alimeza kiburi, akaenda Galena, Illinois, kuwa karani katika duka la ngozi la baba yake, chini ya wadogo zake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Aprili 1861, aliyekuwa afisa wa jeshi ilimbidi akope fedha za kununulia farasi na sare ili aweze kuongoza rejimenti aliyopewa. Muda si muda akawa Brigedia Jenerali. Katika barua alizomwandikia Julia kutoka vitani, habari za kulipa madeni ya zamani na kuweka akiba zinatajwa bega kwa bega na habari za mapigano.

Februari 1862 Grant aliizingira ngome ya Donelson na kudai isalimu amri bila masharti yoyote. Kamanda aliyesalimu, pamoja na askari zaidi ya 12,000, alikuwa Buckner yule wa hoteli ya New York, sasa jenerali wa upande wa Kusini. Kazi ya kijeshi ilipokwisha, Grant alimvuta kando na kumwambia kwamba mfuko wake wa fedha uko tayari kwa matumizi yake. Masharti ya vita hakuyalegeza hata kidogo, wala deni la miaka minane hakulisahau.

Yaliyofuata yanajulikana, na hatutayarudia: Vicksburg, kusalimu amri kwa Jenerali Lee tarehe 9 Aprili, 1865, kisha urais tangu 1869 hadi 1877. Ila jambo moja dogo la kiofisi lina uzito hapa. Ili awe rais, Grant aliacha cheo chake cha jeshi, na pamoja nacho mshahara wa maisha. Marais wastaafu wa Marekani hawakuwa na pensheni wakati ule. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1958.

Hivyo alipostaafu alitafuta mapato, akaingia ubia na kijana mmoja, Ferdinand Ward, katika kampuni ya fedha New York iliyoitwa Grant na Ward, ambamo mwanawe pia alikuwa mshirika. Faida ilimiminika, kwenye karatasi. Kwa hakika Ward alikuwa akiweka rehani hati zilezile kwa wakopeshaji zaidi ya mmoja, na kuwalipa wa jana kwa fedha za leo. Hapa hatuna budi kumlaumu jenerali. Mtu aliyehesabu kila gunia Mexico, na kulipishwa kwa wizi usio wake, alitia sahihi barua za kampuni bila kuzisoma na hakuomba vitabu vya hesabu hata siku moja. Aliwaamini watu kama alivyowaamini wale aliowakopesha Pasifiki miaka 30 nyuma. Ushujaa haukumponya kasoro hiyo.

Jumapili tarehe 4 Mei, 1884, Ward alimjia akisema benki yao imebanwa kwa siku moja tu, zatakiwa dola 150,000. Grant alikwenda kwa tajiri William H. Vanderbilt, ambaye alimpa hundi hiyo kwa ajili yake yeye binafsi, si kwa ajili ya kampuni. Siku mbili baadaye kampuni ilianguka, ikiwa na madeni ya mamilioni. Grant, mwenye umri wa miaka 62, alihesabu fedha zilizobaki nyumbani: dola zipatazo 200, zake na za mkewe pamoja. Ward alifungwa gerezani mwaka uliofuata.

Vanderbilt alikuwa tayari kulisamehe deni lile. Grant na Julia wakakataa. Walimkabidhi hati za nyumba, panga za heshima, medali na zawadi walizopewa na wafalme walipozunguka dunia. Vanderbilt alijaribu kuzirudisha mara kwa mara bila kufaulu, mwisho ikakubaliwa kwamba vitu vya kumbukumbu viwe mali ya taifa, vikawekwa Washington.

Ilibaki kula. Gazeti moja la kila mwezi, Century, lilimwomba aandike juu ya mapigano ya Shiloh kwa malipo ya dola 500. Makala yake ya kwanza ilikuwa kavu kama taarifa ya ofisini. (Sisi ambao kazi yetu ni kuandika taarifa za jeshi twaujua ugonjwa huo.) Mhariri alimtembelea, akamfanya asimulie kwa mdomo aliyoyaona na kuyaogopa siku ile, kisha akamwomba aandike hivyohivyo. Akaandika upya. Tangu hapo kalamu ikawa kama lile gari la kuni: shehena moja kwa siku, kesho nyingine.

Katika majira hayohayo ya joto aliuma tunda la pichi akasikia maumivu makali kooni. Alichelewa kumwona mtaalamu hadi Oktoba, na ilikuwa kansa. Sasa kazi ikawa na ukomo ambao yeye mwenyewe hakuupanga: kukamilisha kumbukumbu za maisha yake kabla ya kufa, ili Julia asiachiwe umaskini. Mwandishi Mark Twain alimpa masharti bora kuliko wachapishaji wote, asilimia 70 ya faida, na mkataba ukatiwa sahihi Februari 1885. Tarehe 4 Machi Bunge lilimrudishia cheo chake cha jenerali pamoja na mshahara. Angeweza kupumzika, hakupumzika. Aliandika akiwa ameketi katika viti viwili vilivyoelekezana, amejifunika blanketi, maana akilala chali alihisi kukabwa. Sauti ilipokuwapo alimtamkia karani, na ilipopotea alirudi kwenye penseli. Mwanawe Fred alimkagulia tarehe na namba za vikosi. Zipo siku alizoandika kurasa nyingi, na siku ambazo alisahihisha mistari michache tu.

Juni 16 walimhamishia Mount McGregor, mlimani, kwa ajili ya hewa baridi. Huko Julai alifika mgeni, mzee wa Kentucky aliyesafiri makusudi kumwona. Alikuwa Buckner. Grant hakuweza kusema, wakazungumza yeye akiandika majibu kwenye vipande vya karatasi.

Kitabu kilimalizika siku chache tu kabla ya mwandishi wake. Grant alifariki asubuhi ya tarehe 23 Julai, 1885, na Buckner alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza lake. Majuzuu yote mawili yaliuzwa nyumba kwa nyumba, na wengi wa wauzaji walikuwa askari wa zamani waliopigana chini yake. Seti zaidi ya 300,000 zilinunuliwa. Februari 1886 Julia alipokea hundi ya kwanza, dola 200,000, na malipo yote kwa jumla yakazidi dola 400,000. Aliishi bila kumdai wala kudaiwa na mtu hadi alipofariki mwaka 1902.