Maisha ya Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, Mwalimu Wetu wa Sala



Tulipokaa kutayarisha kitabu hiki, wengi walidhani kwamba tungeandika habari za majengo tu: nani alichoma matofali, nani alibeba mabati kichwani, na kengele ya kwanza ilipigwa siku gani. Mambo hayo yana mahali pake katika kurasa nyingine. Lakini wazee wa mashirika walitukumbusha swali ambalo vijana wanaliuliza mara nyingi, hata ndani ya mikutano ya sala. Mama mmoja amesali Rozari jioni pamoja na watoto wake. Usiku huohuo nyumba yake imechomwa na mbuzi wake wamechukuliwa. Je, sala yake ilikwenda wapi? Kusali kunasaidia nini?

Swali hilo si la dharau. Linatoka katika mioyo iliyochoka. Sisi hatukutaka kulijibu kwa maneno yetu wenyewe, ambayo ni machache. Tumeona vema kueleza maisha ya binti mmoja wa Kongo ya mashariki, ambaye jina lake tunaliimba kila tarehe 1 Desemba, lakini wengi wetu hawajui habari zake kamili. Naye ni Mwenye Heri Maria Klementina Anuarite Nengapeta.

Kuzaliwa na utoto wake

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 pale Matali, karibu na mji wa Wamba, katika nchi ya Wabudu, kaskazini ya kwetu. Baba yake aliitwa Amisi, mama yake Isude. Walizaa mabinti sita, naye alikuwa wa nne. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nengapeta, na katika lugha ya kwao linaonya kwamba utajiri hudanganya. Jina la Anuarite lilikuwa la dada yake mkubwa; lilimpata yeye shuleni kwa kosa la kuandika, likamfuata mpaka altareni. Katika mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake.

Nyumba yao haikuwa bila machozi. Baba alikuwa askari, akasafiri mbali wakati wa vita kubwa ya dunia. Tena alitamani watoto wanaume, na kwa kuwa mkewe alizaa wasichana tu, alimwacha akaoa mwanamke mwingine. Nani kati yetu hajui uchungu wa namna hiyo? Katika vijiji vyetu pia kuna wamama walioachwa kwa sababu hiyo, na watoto waliokua wakiona mama yao analia jikoni. Anuarite alionja uchungu huo tangu utoto wake. Hakuacha kumpenda baba yake, wala hakuacha kumwombea.

Kamioni ya Bafwabaka

Wakati ule masista wa Jamaa Takatifu, shirika la kitawa lenye jina la lugha yetu, walikuwa na nyumba yao Bafwabaka. Waliwafundisha wasichana kusoma, kushona, kulima na kusali. Anuarite alipowaona, alitamani kuwa kama wao. Mama yake alikataa. Hatumlaumu: mwanamke aliyeachwa na mume, akibaki na wasichana, anaona kila binti kama mkono wake wa kazi na tegemeo la uzee wake.

Siku moja kamioni ilifika Wamba kuwachukua wasichana waliotaka kuingia utawani. Anuarite akapanda pamoja nao bila kumwambia mama yake, akaenda. Mama alimtafuta, na baada ya siku kadhaa ndipo alipojua mtoto wake yuko wapi. Hatuwaambii vijana wetu wawatoroke wazazi wao. Tunaeleza tu jinsi mambo yalivyokuwa, na jinsi Mungu alivyoyanyosha polepole. Kwa maana tarehe 5 Agosti 1959, Anuarite alipoweka nadhiri zake za kwanza na kuitwa Sista Maria Klementina, wazazi wake walikuwapo, nao walitoa mbuzi wawili kuwa alama ya furaha yao.

Hata hivyo taabu ya nyumbani haikuisha. Baada ya miaka, mama yake alimwomba aache utawa, arudi kusaidia jamaa. Aliumia, lakini alidumu katika ahadi yake.

Sala katika kazi ndogo

Ndugu, hapa tunaomba msipite haraka, kwa sababu jibu la swali letu linaanzia hapa.

Sista Anuarite hakufanya mwujiza wowote Bafwabaka. Hakuwa mwenye elimu kubwa. Masomo yalimpa taabu, lakini alijitahidi akapata diploma ya kufundisha. Alikuwa mwalimu wa watoto wa shule, alitunza sakristia, alisaidia jikoni. Kazi ambazo wengine walizikwepa, yeye alizikimbilia. Alipenda kuwafurahisha wenzake. Tena hakuwa mpole kwa kila jambo: alikuwa mwepesi wa kukasirika alipoona ubaya, na wasichana wa shule waliogopa makaripio yake. Alikuwa na daftari ndogo ambamo aliandika makusudi yake ya roho, na neno alilolishika kuliko yote ni kwamba Yezu peke yake anamtosha.

Basi sala yake ilikuwa wapi? Ilikuwa katika Misa ya asubuhi na katika Rozari, ndiyo; lakini ilikuwa pia katika kufua vitambaa vya altare, kupanga mishumaa, kuchochea moto chini ya sufuria na kusahihisha madaftari ya watoto. Aliyempokea altareni asubuhi, alimtumikia jikoni mchana. Kwa njia hiyo roho yake ilizoea njia ya kwenda kwa Mungu, kama vile miguu ya wamama wetu inavyozoea njia ya kwenda kisimani. Anayekwenda kisimani kila siku haipotezi njia hata usiku wa giza.

Usiku wa Isiro

Giza hilo lilifika mwaka 1964. Waasi walioitwa Simba waliiteka Kisangani mwanzoni mwa mwezi wa Agosti, wakaenea katika nchi nzima ya kaskazini-mashariki. Mwezi wa Novemba ulikuwa mwezi wa damu. Tarehe 26 Askofu wa Wamba, Mgr Wittebols, aliuawa. Tarehe 28, huku Kivu ya kusini, waliuawa Baraka na Fizi wamisionari watatu wa Shirika la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yaani Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na Padri Albert Joubert, mzaliwa wa Kongo. Hao wanne walitangazwa Wenye Heri pale Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Tarehe 29 Novemba kamioni ya Simba ilifika Bafwabaka. Masista wote, manovisi na mapostulanti walipakiwa, wakiambiwa kwamba wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Kabla ya kuondoka Anuarite alitia mfukoni sanamu ndogo ya Bikira Maria. Zamani kamioni ilimpeleka alikotaka kwa furaha. Sasa kamioni nyingine ilimpeleka asikotaka, naye alikwenda na Mama yule yule.

Njiani, Ibambi, mashauri yakabadilika, wakapelekwa Isiro, mji ulioitwa Paulis wakati ule. Walinyang'anywa rozari na misalaba yao. Jioni ya tarehe 30 mkubwa mmoja wa askari, Kanali Ngalo, alimtaka Anuarite awe mke wake. Anuarite alikataa. Mama Mkubwa wa masista, Mama Léontine Kasima, alisimama kumtetea, akatishwa na kupigwa. Kanali Olombe akajitwika kazi ya kumlazimisha.

Msidhani kwamba Anuarite hakuogopa. Wakati wa kula hakuweza kumeza chakula, aliwasihi wenzake wamwombee. Ndugu, jambo hili litufariji. Imani haimwondolei mtu woga. Inamfundisha kusimama pamoja na woga wake na kuomba msaada wa wengine. Yeye aliyewaombea wengi, usiku ule aliomba aombewe.

Usiku Olombe alimtia garini pamoja na Sista Jean-Baptiste Bokuma. Walijaribu kukimbia, akawakamata na kuwapiga vikali. Sista Bokuma alivunjika mkono, akaanguka amezimia, yeye alipona. Anuarite aliendelea kukataa, akisema kwamba ni afadhali kufa kuliko kutenda dhambi ile. Kati ya mapigo alimwambia mpigaji wake kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui anachofanya. Olombe akawaita askari wamchome kwa visu vya bunduki, kiisha yeye mwenyewe akampiga risasi kwa bastola. Alikufa karibu saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964, akiwa hajatimiza miaka 25.

Alitupwa katika kaburi moja na watu wengine. Mwaka uliofuata, mwili wake ulipotafutwa, ile sanamu ndogo ya Bikira Maria iliyokuwa mfukoni ilisaidia kumtambua. Leo mabaki yake yanaheshimiwa Isiro.

Msamaha uliopita mauti

Tarehe 15 Agosti 1985, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire, Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Kinshasa akamtangaza Mwenye Heri. Siku hiyo Papa alifanya jambo ambalo hatupaswi kulisahau: kwa jina la Kanisa lote, alimsamehe yule aliyemwua. Neno la msamaha lililotoka katika kinywa cha binti aliyekuwa akipigwa usiku, bila mashahidi wengi, lilirudiwa mchana mbele ya taifa zima.

Kwa nini tunaeleza haya kwetu

Tangu mwaka 1993, mapigano yalipoanzia sokoni Ntoto katika Walikale na kuenea Masisi yote, nchi yetu imepata vita juu ya vita. Watu wa bonde la Lowa na watu wa milima ya Masisi wamekimbia mara nyingi, wengine mpaka kambi za karibu na Goma, wakibeba watoto, magodoro na sufuria. Wako waliobeba pia sanamu ya Bikira Maria au rozari ndani ya kitambaa. Hao wanajua kwa nini Anuarite aliitia ile sanamu mfukoni.

Basi, tulirudie swali la vijana. Sala haikuizuia risasi ya Isiro. Hatuwezi kuwadanganya kwamba anayesali hatachomewa nyumba. Lakini tazameni kitu ambacho wale askari hawakuweza kukichukua. Walichukua kamioni, rozari, nguo na uhai; walishindwa kuuchukua moyo wake na kuutia chuki. Moyo huo ulikuwa umekwisha kutolewa kwa mwingine, kidogo kidogo, kila siku, katika sakristia na jikoni. Mtu hajifunzi kusamehe siku kisu kinapotolewa. Anuarite alikuwa amejifunza zamani, alipomsamehe baba yake.

Hapo ndipo tunapoulizwa sisi. Kati yetu wapo Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi na wengine, na wote wanapiga magoti mbele ya Ekaristi moja. Katika kila kabila wamo waliofiwa, na wapo wanaojua jina la aliyewatendea. Kusamehe si kusema kwamba ubaya haukutendeka, wala si kuizuia haki ifanye kazi yake. Ni kukataa kumwachia adui moyo wetu autawale. Kazi hiyo ni nzito kuliko kubeba matofali ya kanisa, nayo haiwezekani bila sala ya kila siku.

Kwa hiyo, katika Jubile hii tunawaomba jambo moja dogo. Chuma cha gurudumu kinachotumika kama kengele katika vijiji vyetu kinapopigwa, mama anayetwanga sombe, mchungaji aliye na ng'ombe mlimani, kijana anayechimba mawe Walikale, mwalimu aliye mbele ya watoto, kila mmoja asimame kidogo na kusali. Na katika mkutano wa shirika, kabla ya kuachana, tumtaje mbele ya Mungu mtu mmoja aliyetukosea, hata ikiwa ni kwa moyo tu, bila sauti. Tukifanya hivyo kila juma, watoto wetu watakaoshangilia Jubile inayofuata watakuta katika parokia hii nyumba iliyojengwa kwa kitu kingine zaidi ya matofali.

Mwenye Heri Anuarite, uliyesali jikoni na njiani, ukasamehe katikati ya mapigo, utuombee sisi watu wa Masisi na Walikale. Amina.