Pierre Curie na kikopo cha bati ndani ya saa

Fundi saa wa Tandika au Mwananyamala akifungua saa ya mezani ya miaka ya 1970, hukuta kikopo kidogo cha bati kimeunganishwa kwenye sakiti. Ndani yake mna fuwele ya kwatzi. Wapo mafundi wanaokitupa na kufunga mashine mpya, nao wateja hulipia kifaa ambacho pengine hakikuwa kibovu.

Aliyeanzisha elimu ya kikopo hicho ni Mfaransa Pierre Curie, ambaye wengi humfahamu kama mume wa Marie Curie. Alizaliwa jijini Paris Mei 15, 1859, mtoto wa daktari, na utotoni alifundishwa nyumbani badala ya kupelekwa shule.

Mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 21, yeye na kaka yake Jacques waligundua kwamba fuwele ya kwatzi ikikandamizwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata walithibitisha kinyume chake: ikipewa umeme, hubadilika umbo kidogo mno. Hilo la pili ndilo linaloitetemesha fuwele ndani ya saa.

Kwa hiyo fundi asome kwanza namba iliyo juu ya kikopo. Ikiwa ni 4.194304, hizo ni megahezi. Sakiti huigawa kwa mbili mara 22 ili ipatikane sekunde moja. Ikiwa ni 32,768, hugawanywa mara 15. Namba ikiwa imefutika, apime mitetemo kwenye njia ya kutokea, si kwenye fuwele yenyewe, maana waya wa kipimo huivuruga.

Kando ya fuwele huwapo kapasita ndogo yenye skrubu. Saa iachwe iwake nusu saa ndipo skrubu izungushwe taratibu, kwa bisibisi ya plastiki, kwani ya chuma hupotosha kipimo. Kosa la sekunde moja kwa siku ni takriban sehemu 12 katika milioni, hivyo mzunguko mdogo tu hutosha. Joto nalo hubadilisha mwendo wa fuwele. Saa ya chumba chenye joto la Dar es Salaam isirekebishwe kwenye kiyoyozi.

Curie mwenyewe hakutajirika. Kuanzia 1882 alifanya kazi kwa miaka 22 katika shule ya ufundi jijini Paris kwa mshahara mdogo, na kifaa chake cha kwatzi ndicho Marie alichotumia kupimia miale ya urani. Mwaka 1898 waligundua radi, wakakataa kujiwekea hakimiliki ya namna ya kuitoa. Tuzo ya Nobel waliipata 1903.

Aprili 19, 1906, siku ya mvua, aligongwa na mkokoteni wa farasi akivuka barabara, akafa akiwa na miaka 46. Saa ya kwanza ya kwatzi ilitengenezwa Marekani mwaka 1927, na ya kwanza ya mkononi iliuzwa na Seiko ya Japani Desemba 1969.