Gauss: Mtoto wa mwashi aliyefumbua fumbo la bikari na rula

KATIKA mkebe wa hisabati wa mwanafunzi wa Litapunga, mkoani Katavi, kama ilivyo katika mkebe wa mwenzake wa Dar es Salaam, vimo vifaa viwili ambavyo kazi yake haijabadilika tangu enzi za Euclid, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: bikari na rula.

Kwa vifaa hivyo, pasipo kipimapembe, mwanafunzi huchora pembe ya nyuzi 60 kwa hatua chache, akainusu kupata 30, kisha 15. Nyuzi 90 na 45 nazo hazimsumbui. Lakini mwambie achore nyuzi 20. Atakesha.

Mtu aliyeanza kuonyesha ulipo mpaka huo ni Carl Friedrich Gauss, aliyezaliwa Aprili 30, 1777, mjini Brunswick, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake aliishi kwa kazi za mikono, uashi na bustani zikiwamo. Mama yake, Dorothea, hakujua kuandika. Alichokumbuka ni kwamba mwanawe alizaliwa Jumatano, siku nane kabla ya sikukuu ya Kupaa. Tarehe yenyewe Gauss aliikokotoa mwenyewe baadaye.

Mtoto wa nyumba kama hiyo alitarajiwa kurithi mwiko wa baba yake. Bahati yake ni kwamba kipaji chake kilimfikia mtawala wa Brunswick, Carl Wilhelm Ferdinand, ambaye alimgharimia masomo. Mwaka 1795 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, huku moyo wake ukiwa umegawanyika: lugha za kale zilimvuta sawa na hisabati.

Uamuzi ulikuja Machi 1796, akiwa na umri wa miaka 18. Asubuhi moja, kabla hajatoka kitandani, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa, ndani ya duara, laweza kuchorwa kwa bikari na rula peke yake. Wagiriki walikwisha kuchora pembetatu, mraba, umbo la pande tano na la pande 15, pamoja na yale yanayopatikana kwa kuzidisha pande hizo maradufu. Kwa takriban miaka 2,000 hakuna aliyeongeza lingine. Machi 30 aliufungua kwa habari hiyo mwanzo wa shajara yake ya hisabati, na lugha za kale zikapoteza mwanafunzi.

Mwaka 1801 alitoa kitabu kikubwa cha nadharia ya namba, Disquisitiones Arithmeticae, kikieleza ni maumbo yapi yanayochorika. Lile la pande tisa, ambalo pembe yake ya katikati ni nyuzi 40, halimo. Kwa hiyo 20, ambayo ni nusu yake, nayo haimo. Hata hivyo, uthibitisho kamili wa kutowezekana huko Gauss hakuuchapisha. Ulitolewa na Mfaransa Pierre Wantzel mwaka 1837. Ni haki jina hilo litajwe, kwani husahauliwa mno.

Kwa nyuzi kamili, pembe ndogo kuliko zote inayochorika ni 3. Msomaji aweza kujaribu: achore 72 ya umbo la pande tano, aondoe 60, zibaki 12, kisha anusu mara mbili.

Umaarufu mkubwa ulimjia mwaka huohuo wa 1801, alipokokotoa mahali pa kuitafuta Ceres, sayari ndogo iliyokuwa imewapotea wanajimu. Kuanzia 1807 aliongoza kituo cha kutazamia nyota cha Göttingen, na miaka ya 1820 alizunguka Hanover akipima ardhi kwa mtandao wa pembetatu. Wapimaji waliopita magharibi mwa Tanganyika miaka ya 1930, wakifuata mstari wa longitudo 30, walitumia mbinu ya namna hiyohiyo.

Mke wake wa kwanza, Johanna, alifariki dunia mwaka 1809, baada ya miaka minne tu ya ndoa. Mama yake alimtunza nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka 20, hadi alipofariki mwaka 1839.

Gauss alifariki Februari 23, 1855. Husimuliwa kuwa alitamani umbo lake la pande 17 lichongwe juu ya kaburi lake, na kwamba fundi alikataa kwa sababu watu wangeliona kuwa ni duara tu. Kaburini Göttingen halipo. Mjini Brunswick, kwenye sanamu yake, ipo nyota yenye ncha 17.