Daktari Aliyewatoa Kitandani Waliovunjika Mgongo

Mwezi uliopita nilipanda hadi Nairobi kumtazama mpwa wangu, mtaa wa Umoja. Alianguka na bodaboda, uti wa mgongo ukaumia, na tangu hapo miguu haimtii. Nilimkuta chumbani, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Mikono yake ni mizima, lakini dada yangu anamlisha, anamvisha, na hamwachi hata ajivute mwenyewe. Kwake hayo ndiyo mapenzi. Usiku ule nilimkumbuka Ludwig Guttmann.

Guttmann alizaliwa mwaka 1899 mji wa Tost, uliokuwa Ujerumani na sasa uko Poland, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1917, akijitolea hospitalini, alimwona mchimba makaa aliyevunjika mgongo. Madaktari walikwisha kumhesabu maiti, na baada ya wiki chache akafa kweli. Kilichomuua ni maambukizi, wala si mgongo wenyewe. Kijana yule hakumsahau.

Akasomea udaktari, akabobea katika mishipa ya fahamu mjini Breslau. Mwaka 1933 Wanazi walipomfukuza kazini kwa Uyahudi wake, akahamia hospitali ya Kiyahudi ya mji huohuo. Usiku wa Novemba 9, 1938, masinagogi yakiwaka na watu wakikamatwa, aliamuru mlango wa hospitali usifungwe kwa yeyote. Asubuhi polisi wa Hitler walipokuja, alipita nao kitanda kwa kitanda, akimtungia kila mmoja ugonjwa. Watu 60 wakanusurika. Mwislamu yeyote anaujua uzito wa kuokoa hata nafsi moja.

Machi 1939 alikimbilia Uingereza na mkewe na watoto wao wawili. Februari 1944 akafungua kituo katika hospitali ya Stoke Mandeville, kwa ajili ya askari waliovunjika migongo vitani. Zama hizo wengi wao walikufa mapema kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya kibofu na figo. Aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mwenyewe alikuwa akizunguka usiku kuhakikisha.

Vidonda vilipokauka, hakuwaacha walale. Aliwapeleka karakana kufanya kazi, akawapa mpira wa kikapu na upinde. Upinde aliupenda kwa sababu hujenga mikono, mabega na mgongo wa juu, na kwa mwenye kiti cha magurudumu hiyo ndiyo miguu. Alikuwa mkali, na huruma ya kumfanya mtu mzima mtoto mchanga hakuitaka.

Julai 29, 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, aliandaa mashindano ya upinde hospitalini. Washiriki walikuwa 16, wawili kati yao wanawake. Mwaka 1960 mashindano yale yalifika Roma, na wanamichezo wapatao 400 wa nchi 23. Hiyo ndiyo Paralimpiki. Kenya iliingia mwaka 1972, mjini Heidelberg. Guttmann alifariki Machi 18, 1980.

Kwa nini nawasimulia? Kwa sababu hata huku Pwani, wapo vijana walioanguka minazi na miembe, na tumewafungia ndani tukidhani tunawastahi. Mwili usiotikisika huoza ukiwa hai.

Pale Umoja tulimwita kwanza mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimfundisha kijana kujiinua kitini kwa mikono yake, mara kwa mara kutwa nzima, ili damu ipite makalioni. Alimfundisha kuvuta mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya tairi, na kuinua chupa zilizojaa maji, polepole, mabega yasiumie. Siku ya kwanza dada yangu alilia, akaona tunamtesa mwanawe. Siku ya tatu alimwacha ale kwa mkono wake.

Sasa ukoo tunachanga kodi ya chumba cha chini. Tukikipata, dada yangu atakuwa na kazi ngumu kuliko kulisha: kusimama mlangoni, mikono nyuma, amtazame mwanawe akijisukuma mwenyewe hadi dukani.