Athanasi: Askofu aliyefukuzwa mara 5 na bado akafa akiwa kwenye kiti chake

Alishtakiwa kwa kumuua askofu mwenzake, Arsenio, na kumkata mkono ili autumie kwa uchawi. Mkono wenyewe ulioneshwa mbele ya maaskofu waliokusanyika Tiro mwaka 335. Kumbe marehemu alikuwa hai, amefichwa tu! Wanahistoria wa Kanisa wa karne iliyofuata wanasimulia kwamba Athanasi alimleta ukumbini kajifunika joho, akamfunua mkono mmoja, kisha wa pili, halafu akawauliza washtaki huo wa tatu ulitoka wapi.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa Aleksandria, Misri. Padri Ario alifundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa. Mwaka 325 Mtaguso wa Nisea ulilikataa fundisho hilo. Athanasi alikuwepo, ila kama shemasi aliyemsindikiza askofu wake. Miaka 3 baadaye akarithi kiti.

Wengi hudhani Nisea ilimaliza kila kitu. Wapi! Marafiki wa Ario walikuwa karibu na ikulu, na huko Tiro walimvua Athanasi uaskofu hata baada ya Arsenio kuonekana. Akakimbilia kwa Kaisari Konstantino. Wapinzani wakamfuata na shtaka jipya: eti ametishia kuzuia meli za ngano ziendazo Konstantinopoli. Ya uchawi yangejadiliwa, lakini ya chakula cha mji mkuu, hapana. Akapelekwa Trier, Ujerumani ya leo.

Kwa jumla alikaa uhamishoni miaka kama 17 kati ya 45 ya uaskofu wake. Februari 356 askari walivamia kanisa usiku, waumini wakiwa kwenye ibada. Akatoweka, na wamonaki wa jangwani wakamficha. Kaisari Konstansio aliandika hadi Aksum, Ethiopia, akitaka Frumensio, askofu aliyewekwa wakfu na Athanasi, arudishwe Aleksandria kuhojiwa.

Naye hakuwa malaika. Barua ya papirasi ya wakati huohuo, iliyoandikwa na Mkristo wa kundi la Melesio, inalalamika kwamba wafuasi wa Athanasi waliwapiga wenzao.

Mwaka 367 aliandika barua ya Pasaka iliyotaja vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyohivyo vilivyomo kwenye Biblia ya leo. Alifariki Mei 373. Miaka 8 baadaye, mtaguso wa Konstantinopoli ukaithibitisha imani ya Nisea.